Wafuasi 11,000, kazi mbili kwa mwezi: jibu kwa DJ wa Mwanza

"Shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 25, napiga muziki hapa Mwanza, huu mwaka wa nne. Nilianza na bethidei za rafiki zangu wa chuo, siku hizi napiga send-off na harusi, na kila Ijumaa niko kwenye baa moja Kirumba. Instagram nina wafuasi 11,000, ila nikisema ukweli kama 8,000 nilinunua. Ukiacha ile baa, kazi hazizidi mbili kwa mwezi, na malipo ni laki na nusu, mara nyingine chini ya hapo. Miksi zangu tatu zimezuiwa YouTube na moja imeniletea onyo. Kuna kaka wa promosheni anataka laki nane anitafutie tiki ya bluu na kunipaisha. Anasema jina langu halina mvuto nibadilishe, na nipige picha za kuvutia kwa kuwa DJ wa kike analipa. Rafiki zangu nao wanasema Mwanza hakuna kitu, nihamie Dar. Nijitangaze vipi ili jina likue?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimefurahi umesema wazi habari ya wafuasi wa kununua, maana wengi huificha halafu wanaomba ushauri juu ya watu ambao hawapo. Nikikusikia vizuri, kazi unaijua na umeifanya miaka, lakini simu haiiti, na kila unayemuuliza anakwambia kasoro ni yako: mara jina, mara picha, mara mji unaoishi. Mimi nimepiga muziki kwenye kumbi na klabu za Dar es Salaam kwa muda mrefu, na sasa kazi yangu ni kuwatafutia wenye shughuli ma-DJ. Kwa hiyo nakujibu kutoka upande wa yule anayepiga simu.

Wanaokushangilia na wanaokuajiri ni watu tofauti, na hapo ndipo ma-DJ wengi wanapopoteza fedha. Chukua harusi. Kamati inakaa, inagawana majukumu: ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo, picha na video, muziki. Aliyepewa muziki mara nyingi ni mjomba au mfanyakazi mwenzake bwana harusi, ana watoto na kazi yake, na hajawahi kufungua ukurasa wako. Anachofanya ni kumuuliza MC, au meneja wa ukumbi, au yule anayekodisha spika. Na MC akiulizwa hatoi hotuba. Anasema sentensi moja: "Mchukueni yule binti wa Kirumba, hawaangushi kwenye kuingia." Kamati inaandika namba, inakwenda kwenye ajenda inayofuata.

Sentensi hiyo ndiyo chapa yako. Nembo, rangi za posta, jina lenye herufi mbili mbili, vyote vinakuja nyuma yake. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, nenda kwa MC watatu uliowahi kufanya nao kazi, uwaulize: "Kaka, mtu akikuuliza habari zangu unamwambia nini?" Wakikujibu "ni mzuri, ni mchapakazi", bado huna sentensi, kwa sababu maneno hayo yanamfaa kila mtu. Wakisema "yule anajua kupandisha wamama", unayo. Watu wa kuwafikia kwa njia hii ni wachache mno, mji mzima wa Mwanza huenda hawafiki 50: MC, mameneja wa kumbi na hoteli, wakodishaji vyombo, wapiga picha, wapambaji. Mpiga picha hasa usimdharau. Yeye yuko kwenye shughuli kila Jumamosi, na hakugombanii kazi.

Sasa sentensi hiyo inatengenezwaje? Inatokana na hofu za mwenye shughuli. Kamati haiogopi kwamba DJ hatajua kuunganisha nyimbo. Inaogopa ukimya pale wazazi wanapoingia. Inaogopa wimbo wenye matusi mbele ya wakwe, DJ anayepiga muziki juu ya sauti ya MC, DJ anayefika saa kumi na mbili na robo wakati wageni wameshaketi. Fikiria ule wakati MC anasema, "Tunawakaribisha wazazi wa upande wa bwana harusi." DJ mwenye jina wimbo wake umeshawekwa alama pale kwenye kiitikio, haanzii na mlio mrefu wa utangulizi. Sauti inapanda mlango unapofunguka, inashuka MC anapovuta pumzi kabla hajaongea, inapanda tena mama wa bwana harusi anapoanza kurusha leso. Ndafu ikiingia, gonga glasi ikianza, foleni ya zawadi ikiwa ndefu kuliko ilivyopangwa, yeye ana nyimbo za kutosha na hakuna anayemgeukia. Watu hawatasema "DJ alikuwa hodari". Watasema "shughuli ilichangamka". Ila MC ameona, na Jumatatu anazo simu mbili.

Na Mwanza imekupa kitu ambacho sisi wa Dar tunakitafuta kwa shida. Kwenye ukumbi mmoja wa Ilemela unaweza kuwa na ukoo wa Kisukuma upande mmoja na wa Kihaya au Kijita upande wa pili, na kila mmoja una wimbo ambao bibi akiusikia anaacha sahani. Wiki moja kabla ya shughuli mpigie mtu wa kamati, muulize: kwao ni wapi, wazee wanapenda nini, kuna wimbo ambao familia haitaki kuusikia? Tafuta nyimbo hizo, zisafishe sauti, zipange. Usione ni jambo la kishamba. Kwa Wasukuma, kushindana kwa muziki ni desturi ya vizazi: vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu bado hukutana Bujora, Kisesa, kila Juni kwenye sikukuu ya Bulabo, na anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Singeli nayo haikufika Ulaya kwa kuiga klabu za nje. Ilitoka kwenye vigodoro vya uswahilini Dar. Studio ya Sisso pale Mburahati ilisikika nje mwaka 2017 baada ya lebo ya muziki ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala kutoa kazi zake, na zilikuwa na mwendo uleule wa kasi wa mtaani, haukulainishwa. Sisemi uwe DJ wa ngoma za asili. Nasema pale unapojua kuliko wengine ndipo MC atapata sentensi ya kusema.

Wafuasi wale 8,000 wanakuumiza kuliko unavyodhani. Ukiweka video, Instagram huionyesha kwanza kwa baadhi ya watu na kutazama wanafanya nini: wanaitazama mpaka mwisho, wanaituma kwa mwenzao, au wanapita tu. Akaunti za kununua hazifanyi lolote. Video yako inaonekana haina mwenyewe, na wale 3,000 wa kweli nao wengi wao hawaioni. Mtu kama mimi nikifungua ukurasa wenye wafuasi 11,000 na kila picha ina maoni manne, sihitaji kuuliza. Waondoe, hata ikikuchukua wiki kadhaa za kutoa kidogo kidogo. Kuona namba imeshuka hadi 3,000 kutakuuma. Lakini 3,000 wa Mwanza, Geita na Shinyanga wana harusi, na wale wa kununua hawana.

Tiki ya bluu nitaipita haraka. Tangu 2023 Meta, wenye Instagram, wanaiuza wenyewe kwa malipo ya kila mwezi, palipo na huduma hiyo. Hakuna sababu ya kumlipa mtu laki nane akutafutie. Na akikuomba nywila ya akaunti yako, ukatae kabisa, uwashe uthibitisho wa hatua mbili leo hii. "Kukupaisha" kwenyewe ni nini? Mwombe aandike kwa karatasi: ataongea na nani, kwenye kumbi zipi, kazi ngapi, na usipozipata inakuwaje. Promota wa kweli huchukua asilimia ya kazi aliyokuletea, kwa hiyo analipwa ukilipwa. Anayetaka fedha zote mwanzo anakuuzia matumaini. Na wale wa kiki, wanaotaka uanzishe ugomvi wa uongo mtandaoni ili utajwe, kwenye soko la harusi watakumaliza kabisa. Hakuna kamati itakayomkaribisha mtu wa vurugu mbele ya wakwe.

Jina. Sijui unatumia lipi, na umefanya vyema kutoliandika, ila kipimo ni hiki: MC mwenye kipaza sauti kibovu akilitaja, watu wa meza ya nyuma wataweza kuliandika kwenye simu? Ukilitafuta, unatokea wewe au wanatokea ma-DJ wengine watatu? Likipita hapo, liache, hata kama kaka anasema halina mvuto. Miaka minne ya kutajwa ni mtaji, na ukibadilisha jina unaanza upya kwenye vinywa vya watu. Likishindwa kipimo cha pili, yaani mnafanana watu watatu, badilisha sasa ungali na njia fupi ya nyuma, na kwa miezi kadhaa andika jipya na la zamani pamoja kila mahali.

Ukishatulia na jina, linde. Wengi huchanganya mambo mawili pale BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara. Kusajili jina la biashara kunakuwezesha kufanya biashara kwa jina hilo, kufungua akaunti ya benki na kuandika ankara, lakini hakukupi nguvu ya kumzuia kila mtu asijiite hivyo. Nguvu hiyo hutokana na alama ya biashara, nayo husajiliwa kwa kundi la huduma. Burudani iko kundi la 41. Kwa Tanzania Bara usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10. Zanzibar ina sheria na ofisi yake, kwa hiyo ukianza kupata kazi za hoteli za kule, usajili wa Bara haukulindi. Kwa hatua uliyofikia, jina la biashara na TIN vinatosha, maana hoteli nyingi hazitakulipa bila karatasi. Alama ya biashara ifuate jina likianza kuingiza fedha ya kueleweka.

Kuhusu kuwa DJ wa kike, nitasema ninavyoona, nawe uamue. Ndiyo, inafungua mlango wa kwanza. Promota atakuita kwa sababu posta yenye dada inatazamwa. Tatizo linaanza pale hilo linapokuwa jambo pekee wanalolijua juu yako: bei yako inapangwa na sura, seti yako inakuwa ya nusu saa ya kupigiwa picha, na mwakani wanamtafuta mwingine mgeni machoni. Pale Kampala, DJ Rachael alianza miaka ya 1990, wakati mwanamke nyuma ya mashine ilikuwa ajabu kweli. Amedumu kwa kazi yake, na baadaye akaanzisha Femme Electronic, inayowafundisha wanawake wengine u-DJ na utayarishaji wa muziki. Picha nzuri piga, tena kwa mpiga picha anayejua mwanga, lakini mikono yako iwe kwenye mashine na macho yako yawe kazini. Nguo ni uamuzi wako, kaka wa promosheni hana kura hapo. Na mtu akikupa kazi kwa masharti ya mwili wako, hiyo haiitwi changamoto ya fani. Ni kosa la jinai. Hifadhi ujumbe wote, mwambie mtu unayemwamini, na nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Usiende peke yako kama unaogopa.

Tuje kwenye miksi, ambapo nahisi unapata ushauri mbovu kuliko mahali pengine popote. Kuandika chini ya video "sina haki za nyimbo hizi" hakukulindi hata kidogo. Ni kukiri. Kutaja jina la msanii ni adabu, ila hakuwi ruhusa. Na ile habari kwamba chini ya sekunde 30 ni halali, haipo.

Inavyofanya kazi ni hivi. YouTube wana mfumo wa Content ID. Mwenye wimbo, au kampuni inayomsambazia, huweka nakala, mfumo ukachukua alama za sauti yake, na kila video inayopandishwa hulinganishwa na alama hizo. Kuongeza kasi kidogo au kufunika na jingo lako, ile sauti fupi inayotaja jina lako, mara nyingi hakuudanganyi. Ukipatikana, mwenye wimbo anachagua: aizuie video, aiache lakini fedha za matangazo ziende kwake, au aangalie takwimu tu. Hilo linaitwa dai, na peke yake halifungi chaneli. Nadhani miksi zako tatu ziko hapo. Onyo ni jambo zito zaidi: mwenye haki ameomba rasmi video iondolewe kwa mujibu wa sheria. Maonyo matatu ndani ya siku 90, chaneli inafungwa. Onyo lako moja litaisha baada ya siku 90 ukimaliza yale mafunzo mafupi ya hakimiliki wanayokutaka uyapitie. Ukifuta video mwenyewe, onyo haliondoki. Na usijaze fomu ya kupinga kwa sababu rafiki amekwambia ujaribu bahati. Fomu hiyo ni tamko la kisheria lenye jina na anwani yako, na hupelekwa kwa yule aliyelalamika.

Huku nyumbani, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuamua nani anairudufu na nani anaipeleka kwa umma. Leseni ya kupiga muziki ukumbini kwa kawaida ni jambo la ukumbi au mwandaaji, na haikuruhusu kupandisha miksi mtandaoni. Njia zilizobaki zina faida na upungufu wake. Mixcloud, ya London tangu 2008, ina makubaliano na wenye haki na imejengwa kwa ajili ya miksi, ila akaunti ya bure ina kikomo na wasikilizaji wake hapa kwetu si wengi. Mimi ningekushauri uwe nayo hata hivyo, kwa sababu ndiyo kiungo utakachomtumia meneja wa klabu bila wasiwasi. Njia ya pili ni kuwafuata wasanii wa Kanda ya Ziwa wanaotafuta kusikika, uwaombe ruhusa ya maandishi, hata kwa ujumbe wa WhatsApp, na uwaulize swali moja la ziada: "Wimbo huu umeupeleka kwa msambazaji?" Kama ndiyo, dai litakuja hata kama yeye amekuruhusu, na itabidi amwambie msambazaji aliachie.

Kwa Instagram na TikTok, wekeza kwenye video fupi za shughuli halisi. Sekunde 30 za mama mzazi akiingia kwa kucheza zinamwambia mwanakamati yote anayotaka kujua. Mwombe ruhusa mwenye harusi kwanza, tena kabla ya siku yenyewe. Simu usiiweke karibu na spika, sauti inapasuka. Aliyeshika asimame katikati ya ukumbi. Na aina ya akaunti ina maana: akaunti ya biashara mara nyingi hupewa maktaba ndogo ya nyimbo kuliko ile ya mtayarishaji maudhui. Jingo lenye jina lako weka mwanzoni na mara chache katikati. Likipiga juu ya kiitikio, watu wanachukia jina badala ya kulikumbuka.

Bei nayo hutangaza. Laki na nusu huenda ndiyo bei ya soko lako kwa sasa, na sikushauri kuipandisha kesho. Anza na masharti: nusu iwe advansi, iliyobaki kabla hujawasha mashine, vyombo ni vya nani, saa ya kuanza na ya kumaliza, saa ya ziada ni kiasi gani, usafiri wa usiku ni juu ya nani. Ukurasa mmoja wa Kiswahili unatosha. Kazi ya bure "ili ujulikane" ikubali tu kama unaweza kumtaja kwa jina mtu atakayekuwepo na mwenye uwezo wa kukupa kazi. Mkataba wa kurasa kumi, wenye maneno kama haki ya kipekee au asilimia ya mapato yako yote, usiusaini bila wakili. Na onyo lile la YouTube likigeuka barua ya madai ya fedha, peleka kwa wakili au ukaulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki, usijibu mwenyewe kwa hasira. Afisa utamaduni wa halmashauri yako naye mtembelee. Atakueleza usajili wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, na vibali vinavyokuhusu.

Mwisho, Dar. Kumbi ni nyingi, lakini kila klabu ina DJ wake wa kudumu na nyuma yake wapo wanaosubiri, nawe utalipa kodi ya nyumba ukiwa mwisho wa foleni. Rafiki zako wanaona mabango, hawaoni foleni. Ningekaa Mwanza mwaka mmoja nikifanya haya, nikianza kuchukua Geita, Shinyanga na Bukoba, kisha nije Dar kama mgeni wa usiku mmoja. Ikitokea, njoo na fleshi mbili zenye nyimbo zilezile, zimepangwa kwa rekordbox, programu ya kupanga nyimbo za DJ, na fleshi zenyewe zimeandaliwa kwa mfumo wa faili wa FAT32. CDJ nyingi za Pioneer, mashine za kupigia muziki zilizoko klabuni, hazisomi mfumo mwingine wa NTFS, na nimewaona vijana hodari wakisimama mbele ya kioo kisichoonyesha wimbo hata mmoja, dakika za seti yao zikipita. Fika mapema, jitambulishe kwa fundi sauti kabla ya meneja, muulize DJ wa kudumu nyimbo gani amezitunzia saa yake, na usiziguse.